Laptopu Moja, Macho ya Wote: Jinsi ya Kuiunganisha na Skrini Kubwa

Katika toleo hili somo letu ni la ufundi. Tutajifunza jinsi ya kuunganisha laptopu na skrini kubwa, yaani TV au monita. Huenda mtu akauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi?" Yanatuhusu sana, na tutaeleza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la kikundi lilikuwa kitabu cha karatasi. Mwekahazina alikiweka mezani, na mwanachama mwenye shaka alisogea, akafungua ukurasa wake na kujionea. Siku hizi vikundi vinahamisha hesabu kwenye laptopu. Hayo ni maendeleo, maana mashine inajumlisha haraka na haichoki. Lakini kuna kitu kinapotea njiani. Laptopu haipitishwi mkono kwa mkono kama kitabu. Mwekahazina anaketi nayo, anasoma kwa sauti, na wenzake wanaitikia "sawa." Nyanya aliyeketi nyuma ameleta akiba yake kila wiki, lakini siku ya hesabu haoni hata tarakimu moja. Anasema "sawa" kwa sababu wengine wamesema. Hapo ndipo manung'uniko huanza, na kikundi kinaweza kuvunjika hata kama hakuna aliyeiba.

Dawa mojawapo ni kuiweka hesabu mahali ambapo kila jicho linaiona. Mara nyingi TV iko tayari, ama kwa jirani ama ukumbini. Kinachokosekana ni waya mmoja na ujuzi kidogo.

Baada ya somo hili, msomaji ataweza:
- kutambua matundu ya picha kwenye laptopu na TV;
- kununua waya unaofaa bila kupoteza pesa;
- kuunganisha vifaa na kutatua shida za kawaida;
- kulinda vifaa, watu na siri zao.

1. KWA NINI SKRINI KUBWA?

Tuanze na vipimo. Skrini hupimwa kwa inchi kutoka kona hadi kona. Laptopu ya inchi 14 ina upana wa kama sentimita 31 na kimo cha kama sentimita 17. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Ukipiga hesabu, eneo la TV hiyo ni zaidi ya mara tano ya lile la laptopu.

Watu wanaopanga vyumba vya mikutano wana kanuni rahisi: kama watu wanasoma maandishi na tarakimu, wa mwisho asiketi mbali kuliko mara sita ya kimo cha skrini. Kwa kanuni hiyo:
- laptopu ya inchi 14 inafaa mtu aliye umbali wa kama mita 1;
- TV ya inchi 32 inafika kama mita 2 na nusu;
- TV ya inchi 43 inafika kama mita 3;
- TV ya inchi 55 inafika kama mita 4.

Kwa hivyo kikundi cha watu ishirini kinachozunguka laptopu moja kinajidanganya. Watu watatu wanaona, kumi na saba wanasikia tu.

Mfano mwingine ni wa shambani. Kiwavijeshi vamizi kilionekana Kenya mwaka 2017 na mahindi yetu yameteseka tangu wakati huo. Mdudu huyu ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba karibu na mkia. Afisa wa kilimo akionyesha picha hiyo kwenye laptopu, walio mbele wanaona madoa, walio nyuma wanaona doa moja la kahawia. Wakirudi shambani, hawataweza kumtofautisha na viwavi wengine. Picha hiyo hiyo kwenye skrini kubwa inafundisha watu wote kwa dakika mbili.

2. TUJUE MATUNDU

Kila waya wa picha una kichwa chake, na kila kichwa kina tundu lake. Geuza laptopu utazame pembeni na nyuma. Halafu nenda nyuma ya TV ufanye vivyo hivyo. Utakuta baadhi ya haya:

HDMI. Hili ndilo la kawaida kwa TV bapa za leo. Lilianza mwaka 2002. Ni tundu bapa, lenye upana wa kama sentimita moja na nusu, pembe zake mbili za chini zimekatwa kidogo. Linapitisha picha na sauti pamoja. TV nyingi zina matundu mawili au matatu ya HDMI, na kila moja lina nambari yake. Ikumbukwe nambari hiyo, tutaihitaji.

VGA. Hili ni la zamani, la mwaka 1987. Mara nyingi lina rangi ya buluu, vitundu 15 katika safu tatu, na skrubu mbili pembeni. Linapitisha picha tu. Sauti halipitishi. Bado liko kwenye laptopu kuukuu, monita na projekta nyingi.

DisplayPort. Ukilitazama haraka utadhani ni HDMI, lakini hili limekatwa pembe moja tu. Linapitisha picha na sauti. Kuna aina ndogo pia kwenye laptopu nyembamba. Vichwa vingi vya waya huu vina kifungo cha kubonyeza kabla ya kuuchomoa. Usiuvute kwa nguvu, utang'oa tundu.

USB-C. Ni tundu dogo lenye umbo la yai, kama lile la kuchaji simu mpya. Lilitoka mwaka 2014. Hapa tuwe waangalifu: si kila USB-C inatoa picha. Nyingine ni za kuchaji na kupitisha faili tu. Tafuta alama ya herufi D na P zilizoungana, au alama ya radi, kando ya tundu. Hata hivyo, alama ya radi pia huwekwa na wengine kumaanisha kuchaji tu. Njia ya uhakika ni kujaribu kabla ya kulipa.

Matundu matatu ya duara, la njano, jekundu na jeupe. Hayo ni ya TV za kichogo, zile nzito za zamani. Kuna kifaa cha kubadilisha HDMI kuingia huko, lakini picha yake ni hafifu. Filamu itaonekana, ila tarakimu za hesabu hazitasomeka. Msinunue kifaa hicho kwa kazi ya hesabu.

3. KABLA YA KUTOA PESA

Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni zile zilizotumika ng'ambo, tunazoziita "ex-UK." Ni imara, lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na matundu yake ni ya ofisi. Kwa mfano, HP EliteBook 840 G3 haina tundu la HDMI. Ina DisplayPort na VGA. Lenovo ThinkPad T440 ina VGA na DisplayPort ndogo. Mtu ananunua waya wa HDMI Eldoret au Kitale, anafika Mautuma jioni, na waya hauingii. Nauli imekwenda, na mkutano ni kesho.

Ili kuepuka hasara hiyo, tufanye mambo manne:

Kwanza, piga picha matundu ya laptopu na matundu ya TV kwa simu yako. Mwonyeshe mwuzaji picha hizo. Usimwambie tu "nataka waya wa TV."

Pili, jua upande ambao picha inatoka na unakoingia. Picha inatoka kwenye laptopu na kuingia kwenye TV. Vifaa vingi vya kubadilisha hufanya kazi upande mmoja tu, kama bomba la maji lenye kizuizi. Kama laptopu ina DisplayPort na TV ina HDMI, mwambie mwuzaji: "Nataka kifaa kinachotoa DisplayPort kwenye laptopu na kuingiza HDMI kwenye TV." Kifaa cha HDMI kwenda DisplayPort ni kingine kabisa, hata kama vinafanana.

Tatu, kama laptopu ina VGA peke yake na TV haina VGA, utahitaji kibadilishi chenye umeme wake. Hiki kina waya mdogo wa USB wa kuchukua nguvu kwenye laptopu, na waya mwingine wa kuchukua sauti pale pa kuchomekea spika za masikioni. Kile kisicho na waya wa USB mara nyingi hukataa. Kama tundu la DisplayPort lipo, litumieni hilo kwanza.

Nne, tazama nyumbani kabla ya kwenda dukani. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, nyumba nyingi zina king'amuzi, na ving'amuzi vingi vimeungwa na TV kwa waya wa HDMI. Waya huo huo unaweza kuazimwa kwa saa mbili, kisha ukarudishwa mahali pake. Hakuna haja ya kununua mwingine.

Kuhusu urefu, waya wa mita 3 hadi 5 unatosha. Waya mrefu sana wa bei ya chini hufanya picha ikatike katike.

Je, projekta? Shule zetu za msingi zinaifahamu. Mradi wa serikali wa elimu ya kidijitali ulioanza kufikisha vifaa shuleni mwaka 2016 ulileta vishikwambi vya wanafunzi, laptopu za walimu na projekta. Projekta hutoa picha kubwa kuliko TV na huunganishwa kwa matundu haya haya. Shida yake ni mwanga. Mchana, katika ukumbi wenye madirisha mapana, picha inafifia na tarakimu hazisomeki. Kwa mkutano wa saa nane mchana, TV ya inchi 43 inaweza kuwa bora kuliko projekta.

4. HATUA ZA KUUNGANISHA

Hatua ya 1. Weka TV juu ya meza imara, mahali ambapo jua la dirishani halipigi kioo chake. Keti kwenye kiti cha nyuma kabisa uone kama vichwa vya watu havitakinga.

Hatua ya 2. Kabla ya kuwasha stima, chomeka waya wa picha pande zote mbili. Usilazimishe. Kama hauingii, geuza kichwa au angalia tundu tena.

Hatua ya 3. Washa TV. Chukua rimoti, bonyeza kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT, au chenye alama ya mshale unaoingia kwenye kisanduku. Chagua HDMI yenye nambari ya tundu ulilochomeka. Ukichomeka HDMI 2 na kuchagua HDMI 1, TV itasema hakuna picha, na watu watadhani waya umeharibika.

Hatua ya 4. Washa laptopu. Mara nyingi picha hutokea yenyewe. Isipotokea, shika kitufe chenye alama ya dirisha kilicho chini kushoto ya kibodi, na ukiwa bado umekishika, bonyeza herufi P. Hii inafanya kazi kwa Windows 7 ya mwaka 2009 na zote zilizofuata.

Hatua ya 5. Utaona njia nne. Ni muhimu kuzielewa:
- PC screen only: picha inabaki kwenye laptopu peke yake.
- Duplicate: skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja.
- Extend: skrini kubwa inakuwa nyongeza ya ile ndogo. Unaweza kusukuma ukurasa wa hesabu kwenye TV huku mambo mengine yakibaki kwako.
- Second screen only: picha inakwenda kwenye TV peke yake.

Anayeanza na achague Duplicate, kwa kuwa anaona kile wanachoona wenzake. Akizoea, ajaribu Extend.

Hatua ya 6. Kuza maandishi. Skrini kubwa yenye herufi ndogo haina faida. Ukiwa kwenye ukurasa wa hesabu, shika kitufe cha Ctrl na uzungushe gurudumu la kipanya kwenda mbele mpaka herufi ziwe kubwa. Halafu mwombe mtu mwenye macho hafifu aketi nyuma asome tarakimu moja kwa sauti. Akikosea, kuza zaidi. Huo ndio mtihani wa kweli.

5. SHIDA ZA KAWAIDA

"TV inasema hakuna picha." Hakikisha nambari ya HDMI. Chomoa waya na kuuchomeka tena pande zote. Bonyeza tena dirisha na P. Ikikataa, jaribu tundu jingine la TV, kisha waya mwingine. Badilisha kitu kimoja kimoja, ili mjue kilichokuwa kibaya.

"Picha iko lakini kingo zimekatwa." TV hupanua picha kidogo, kama inavyofanya kwa matangazo. Ingia kwenye menyu ya picha ya TV, utafute ukubwa wa picha, uchague ile inayoitwa Just Scan, Screen Fit au jina la namna hiyo.

"Picha ipo, sauti haipo." Bonyeza alama ya spika iliyo chini kulia kwenye laptopu na uchague jina la TV. Kama mnatumia VGA, sauti haitapita. Monita nyingi pia hazina spika. Tumieni spika ya pembeni.

"Maandishi yana ukungu." Nenda kwenye mipangilio ya skrini ya laptopu, uchague kipimo kilichoandikwa kuwa ndicho kinachopendekezwa kwa TV. TV nyingi za inchi 32 zina vidoti 1366 kwa 768, na kubwa zaidi zina 1920 kwa 1080. Laptopu ikituma kipimo kisicholingana, herufi zinapoteza ukali.

"Skrini inazimika katikati ya mkutano." Laptopu imelala kwa kukosa kuguswa. Ichomekeni kwenye chaja, na muongeze muda wa kulala kwenye mipangilio.

6. STIMA, RADI NA WATOTO

Sehemu hii isirukwe. Waya wa picha unaunganisha mashine mbili, kwa hivyo shida ya stima ikipiga moja inaweza kufika nyingine.

Plagi zetu zina meno matatu ya mraba. Lile refu la juu ni la ethi, yaani la kupeleka stima iliyopotea ardhini. Usilikate wala usitumie ekstensheni ya meno mawili. Ukigusa ubavu wa laptopu au TV ukahisi kama sindano ndogo, zima ukutani, na mwite fundi aangalie ethi. Fyuzi ya plagi ikiungua, weka fyuzi nyingine ya kipimo hicho hicho. Waya wa shaba au karatasi ya sigara si fyuzi.

Laptopu na TV zinaweza kutumia ekstensheni moja nzuri. Birika la stima lisichomekwe hapo. Na stima ikipotea, chomoa zote mbili. Ikirudi, ngoja dakika chache kwanza, maana inaporudi huweza kuja kwa kishindo. Kile kifaa cha kulinda TV kinachochomekwa ukutani kabla yake kinasaidia, nacho ni rahisi kuliko TV.

Magharibi mwa Kenya ni nchi ya radi, na mvua zetu nyingi hushuka alasiri, saa zile zile za mikutano. Mkisikia ngurumo, komesheni onyesho. Chomoeni stima, waya wa picha na waya wa antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Mkutano unaweza kuendelea kwa mdomo.

Wanaotumia sola wakumbuke haya. TV nyingi za sola ni za volti 12 na hazichomekwi kwenye stima ya kawaida ya volti 240 bila chaja yake. Nayo laptopu hutaka volti kama 19 au 20, kwa hivyo usiiunge kwenye betri ya sola moja kwa moja. Kama mna inveta, jumlisheni wati. Chaja ya laptopu ni kama wati 65 na TV ya inchi 32 ni kama wati 50, jumla 115. Inveta ya wati 300 inatosha. Someni kibandiko nyuma ya kila kifaa kuhakikisha.

Mwisho, TV bapa ni nyepesi na huanguka mbele kwa urahisi. Mtoto akivuta waya, itamwangukia. Pitisheni waya kando ya ukuta, mzibandike chini kwa gundi ya karatasi pale watu wanapopita, na mtu mzima mmoja aketi karibu na meza.

7. SIRI ZA WATU

Skrini kubwa haina adabu, inaonyesha kila kitu. Ujumbe wa simu uliounganishwa na laptopu unaweza kutokea ghafla mbele ya ukumbi mzima: deni la mtu, ugonjwa wa mtu, maneno ya mume na mke. Kabla ya kuunganisha, funga WhatsApp, barua pepe na kila ukurasa usiohusika. Zima taarifa zinazochomoza.

Katika jedwali la hesabu, ficha safu za nambari za vitambulisho na nambari za simu. Wanachama wanahitaji kuona jina, akiba, mkopo na salio, basi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kikundi kinachoweka taarifa za watu kinapaswa kuzitunza. Lakini hata bila sheria, heshima inatosha kutufundisha. Kama kuna mwanachama mwenye mkopo uliochelewa, kamati izungumze naye kando kwanza. Asiyajue kwa mara ya kwanza kutoka kwenye skrini.

8. SIKU YA HESABU

Wenzetu, tusidanganyike. Skrini kubwa inaweza kuonyesha uongo mkubwa. Tarakimu iliyo kwenye laptopu inaweza kubadilishwa jioni baada ya watu kwenda nyumbani, bila kuacha alama ya kufutwa kama kwenye karatasi. Kwa hivyo skrini ifuatane na utaratibu huu:

(a) Kila mwanachama aje na kijitabu chake cha akiba. Jina lake likifika kwenye skrini, alinganishe na kusema kama zinapatana. Wasioweza kusoma wasaidiwe na mtu wanayemwamini, asiye wa kamati.

(b) Mwekahazina asiwe ndiye mwenye kusoma. Yeye aendeshe laptopu, na mwanachama wa kawaida asome skrini kwa sauti.

(c) Taarifa ya benki au ya M-Pesa ya kikundi ionyeshwe pia, ili jumla ya jedwali ilinganishwe na pesa zilizopo kweli.

(d) Kosa likionekana, lisahihishwe hapo hapo mbele ya wote, na katibu aandike kwenye kumbukumbu: tarakimu ya zamani, mpya, na sababu.

(e) Kabla ya kuzima, katibu aandike salio la mwisho kwenye kitabu cha karatasi kwa wino. Wanachama watatu watie sahihi. Mkutano ujao uanze kwa kulinganisha salio hilo na lile lililo kwenye laptopu.

Hatua hii ya mwisho ni kufuli ya mlango. Kitabu cha karatasi kisitupwe. Stima ikipotea au laptopu ikiibiwa, kitabu ndicho kitakachosema.

Mkifanya hivi mara mbili au tatu, mtaona mabadiliko. Maswali yataongezeka. Mwekahazina mwaminifu asiogope maswali hayo, kwani yanamlinda. Anayebeba hesabu peke yake hubeba pia lawama peke yake. Hesabu ikionwa na wote, ni mzigo wa wote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni wanachama wangapi huona hesabu kwa macho yao wenyewe siku ya mkutano?
2. Laptopu yetu ina matundu gani? Na TV tunayoweza kuazima ina yapi?
3. Mtu wa mwisho huketi umbali gani na skrini? Kwa kanuni ya mara sita, tunahitaji skrini ya inchi ngapi?
4. Ni taarifa gani za wanachama ambazo hazifai kuonyeshwa hadharani?
5. Ni nani, mbali na mwekahazina, atajifunza kuunganisha vifaa hivi? Tuchague wawili, mmoja awe mama na mmoja kijana.

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, wale wawili waliochaguliwa wafanye jaribio siku moja mapema, saa ile ile ya mkutano, katika ukumbi ule ule. Wapige picha matundu, waunganishe, wakuze maandishi, kisha wamwite jirani mzee aketi nyuma na kusoma. Akisoma vizuri, mko tayari.

Aliyejifunza na amfundishe mwenzake. Tunawatakia kazi njema.